Utani si Matusi: Safari ya Istilahi Moja na Wajibu wa Mfasiri

Istilahi nyingi hutujia kutoka nje, nasi huketi vikaoni kuzitafutia majina. Ipo, hata hivyo, istilahi moja iliyosafiri kinyume. Ilitoka kwetu, ikaingia katika vitabu vya wataalamu wa mila na jamii wa Ulaya na Marekani, ikakaa huko miongo kadhaa, kisha ikaturudia kwa njia ya tafsiri ikiwa imepungua uzito. Istilahi hiyo ni utani.

Makala haya yanakusudia mambo matatu. Kwanza, kueleza kwa ufupi historia ya utani na ya jina lake. Pili, kuulinganisha na michezo mingine ya maneno makali, ya hapa kwetu na ya ng'ambo, hasa ule wa Wamarekani Weusi ambao wafasiri wetu hukutana nao mara kwa mara katika riwaya na filamu. Tatu, kupendekeza namna ya kuyatenga majina ya mambo hayo, ili mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali wasije wakaliita moja kwa jina la jingine. Tutaonyesha kwamba kosa hilo si la kamusi peke yake, bali laweza kumfikisha mtu mahakamani.

Msiba wa Kiseke

Tuanze karibu na Ziwa Viktoria. Kiseke ni kata ya Manispaa ya Ilemela, nje kidogo ya kitovu cha jiji la Mwanza. Msomaji asiichanganye na Kisesa, iliyo mashariki zaidi katika Wilaya ya Magu, ambayo tutaitaja baadaye. Mahali palipokuwa mashamba na majabali sasa pamejaa nyumba. Sehemu mojawapo huitwa Kiseke PPF, kwa jina la mfuko wa pensheni uliojenga nyumba hapo. Mfuko wenyewe uliunganishwa na mingine mwaka 2018, lakini jina lake limebaki vinywani mwa makondakta na abiria. Wenyeji wa Kiseke ni Wasukuma, lakini wakazi wake leo wametoka kila pembe ya nchi: wamo watumishi, wafanyabiashara, walimu, mafundi na wastaafu.

Na tuchukue mfano wa msiba katika mtaa kama huo. Amefariki mzee wa Kisukuma. Wafiwa wamekaa mkekani, wanaume wako nje chini ya turubai. Inapofika saa ya kuutoa mwili, jirani yake wa miaka mingi, mzee wa Kizaramo, anajilaza mlangoni na kusema kwa sauti: "Hatoki mtu hapa! Msukuma huyu amekula nyama yangu miaka ishirini, hata mfupa hakuniachia. Leo anataka kukimbia deni? Nilipeni, la sivyo mtalala naye humu humu!" Wajane wanaolia wanaanza kucheka huku machozi yakiwatiririka. Mtu mmoja anatoa sarafu na kumtupia. Mzee anaiokota, anaipima mkononi, anasema ni ndogo kama roho ya marehemu. Anaongezwa nyingine. Ndipo anaponyanyuka, anavua koti, anashika jeneza upande wa mbele, na huko makaburini ndiye anayeshika koleo wa kwanza.

Sasa tuchukulie kwamba yupo mpangaji mgeni, kijana aliyekulia mahali pasipokuwa na desturi hii. Yeye amesikia marehemu akiitwa mla vya watu na roho ndogo mbele ya wajane wake. Anakwenda ofisi ya mtaa kulalamika. Karani anachukua kalamu. Yote yanategemea neno atakaloandika. Akiandika kwamba jirani "alitoa matusi msibani", amefungua shauri. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamtia hatiani mtu anayemtolea mwingine lugha ya matusi kwa namna inayoelekea kusababisha uvunjifu wa amani. Akiandika kwamba jirani "ni mtani wa marehemu", hakuna shauri. Linalobaki ni kumkaribisha mgeni chai na kumweleza.

Huo ndio uzito wa jambo tunalolijadili. Na uzito huo umeongezeka tangu mwaka 2021, sheria iliporekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu. Zamani mtu angeweza kusema kwamba kosa ni la mkalimani aliyeshindwa kulivusha neno kutoka lugha hadi lugha. Leo neno linatoka mdomoni mwa shahidi na kuingia katika kumbukumbu za mahakama likiwa Kiswahili kwa Kiswahili. Tukilichafua sisi wenyewe, hatuna wa kumlaumu.

Asili ya utani

Utani baina ya makabila hauzungumzwi na wazee wote kwa namna moja, lakini maelezo mawili husikika mara nyingi.

La kwanza ni la vita. Katika karne ya 19 makundi ya Wangoni yalipanda kutoka kusini mwa Afrika, yakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na baadhi yao, waliojulikana kwa jina la Watuta, walifika hadi Unyamwezi. Walikopita walipigana. Vita vilipokwisha, waliopigana wakajikuta majirani. Wangoni na Wahehe, kwa mfano, walipigana vikali kati ya miaka ya 1878 na 1882. Leo wajukuu wao ni watani. Ugomvi haukufutwa katika kumbukumbu. Uligeuzwa kuwa maneno, na maneno yakawekewa masharti.

La pili ni la safari. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi mashuhuri wa misafara iliyotoka bara kwenda pwani. Safari ya kutoka Tabora hadi Bagamoyo ilichukua miezi, nayo ilipitia Ugogo na nchi nyingine hadi Uzaramo. Mpagazi aliyeugua njiani alikuwa mbali na ndugu. Nani angemlaza? Nani angemzika? Katika hali hiyo alihitaji mtu wa kumdai hifadhi bila kuona haya, na mtu huyo alihitaji ruhusa ya kumsimanga msafiri anayekula chakula chake. Mtani alikuwa jibu la mahitaji yote mawili. Ndiyo maana hadi leo Wazaramo na watu wa Unyamwezi na Usukuma husalimiana kwa kushutumiana, wala hashangai mtu.

Ukiacha makabila, upo utani wa ndani ya ukoo. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", naye mjukuu humwambia babu kwamba hamtaki kwa kuwa hana meno. Upo pia utani wa mashemeji, wa mabinamu na wa koo kwa koo. Katika aina zote hizi kuna jambo moja la kudumu: mtani hachaguliwi. Mtu huzaliwa akiwa na watani wake kama anavyozaliwa akiwa na wajomba.

Neno lilivyoingia vitabuni

Mwaka 1926 mtaalamu wa Kifaransa, Marcel Mauss, alitoa mhadhara juu ya jamaa wanaoruhusiwa kufanyiana mzaha. Mwaka 1940 Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown alichapisha katika jarida la Africa makala mafupi ambayo yamesomwa kuliko mengine yote juu ya jambo hili. Hoja yake ni kwamba huu ni uhusiano ambamo mtu mmoja anaruhusiwa, na mahali pengine anatakiwa, kumchokoza mwenzake, na mwenzake anatakiwa asikasirike. Ni mchanganyiko wa urafiki na uadui, ambamo utovu wa heshima umepewa ruhusa.

Katika miaka hiyo hiyo neno letu lilianza kuchapishwa. Mwaka 1941 R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika katika Tanganyika Notes and Records, akaendelea mwaka 1944 katika Africa. Inapendeza kukumbuka kwamba Moreau alikuwa mtaalamu wa ndege, mtumishi wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, mkoani Tanga. Aliwauliza watu waliomzunguka kama alivyozoea kuwachunguza ndege: nani anataniana na nani, wapi, kwa kiasi gani. Baada yake James Christensen aliandika juu ya Waluguru mwaka 1963, na Peter Rigby juu ya Wagogo mwaka 1968. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas aliwaongoza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kukusanya habari za utani kutoka makabila mbalimbali, kila mwanafunzi akienda kwa wazee wake.

Tatizo limo katika jina walilolitumia wataalamu wa Kiingereza. Wao waliliita jambo hili kwa maneno yanayoanza na mzaha na kumalizia na uhusiano. Jina hilo linataja kile ambacho sikio la mgeni husikia kwanza, yaani kicheko. Jina letu linataja kifungo chenyewe, na kicheko kimeachwa kijulikane kwa waliomo. Basi mfasiri asiye mwangalifu akiyarudisha maneno hayo ya Kiingereza katika Kiswahili huandika "uhusiano wa mizaha". Amefasiri kila neno kwa usahihi na amekosa jambo zima. Tafsiri iliyo sahihi ilikuwapo kabla ya kitabu kuandikwa: ni utani, bila nyongeza.

Ushahidi wa sarufi

Anayetilia shaka kwamba utani ni kifungo, wala si aina ya maneno, na auulize ushahidi wa lugha yenyewe. Neno utani limo katika kundi moja na undugu, urafiki, ujirani na udugu wa kuchanjiana. Majina haya yote hutaja hali inayowaunganisha watu. Kila moja lina mtu wake: ndugu, rafiki, jirani, mtani. Na kila mtu huyo huhitaji mwenziwe ili aitwe hivyo. Hakuna mtani asiyekuwa mtani wa mtu, kama vile hakuna jirani asiyekuwa jirani wa mtu.

Linganisha sasa na majina ya maneno makali: matusi, masimango, mafumbo, malumbano, mipasho, vijembe. Haya huhesabika. Twasema tusi moja, fumbo moja, mpasho mmoja. Yanatolewa, yanatupwa, yanapigwa, yanapokewa. Mtu aliyetoa matusi ni mtukanaji, hata kama aliyetukanwa hajulikani. Lakini hatusemi kwamba mtu "alitoa utani watatu". Tukitaka kulitaja neno moja lililotamkwa na mtani, hatuna budi kuongeza kitu na kusema neno la utani.

Ni kweli kwamba siku hizi utani hutumika pia kwa maana ya mzaha mtupu. Mama humwambia mtoto "acha utani", na hamaanishi avunje uhusiano na Wazaramo. Magazeti nayo yameziita timu za Simba na Yanga "watani wa jadi" kwa miaka mingi sana, hata maneno hayo yamekuwa kama jina lao la pili. Hatuwezi kuyazuia matumizi hayo, wala hatuoni sababu ya kuyazuia. Lugha huishi kwa kupanuka. Tunachosema ni kwamba mtaalamu wa istilahi aipokee maana pana kama maana ya pili, na asikubali iifukuze ya kwanza.

Ngoma za Bagalu na Bagika

Wasukuma wenyewe wanatupa mfano mzuri wa maneno makali yasiyokuwa utani. Nao si mgeni kwa wakazi wa Kiseke, maana safari ya kutoka hapo hadi Bujora, huko Kisesa, ni fupi.

Katika karne ya 19 waganga na wacheza ngoma wawili, Ngika na Gumha, walishindana kujua nani mwenye dawa na ufundi wa kuvuta watu zaidi. Kutokana nao yakatokea makundi mawili, Bagika na Bagalu, yaliyoenea Usukuma nzima. Vikundi vya ngoma huwa upande huu au ule. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa Juni hivi, makundi hukutana uwanjani. Hawapokezani zamu kama katika tamasha la shule. Pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji hukimbilia upande unaowavutia. Anayebaki na uwanja mtupu ameshindwa. Katika miaka ya 1950 Padri David Clement wa Kanada, aliyeanzisha Makumbusho ya Wasukuma hapo Bujora, aliyakaribisha mashindano haya katika sikukuu ya Bulabo, ambayo imeendelea kuvuta umati.

Katika mashindano hayo mtunzi wa nyimbo humshambulia mpinzani wake: sura yake, dawa zake, sauti yake, ng'ombe wake waliokonda. Mwaka unaofuata mpinzani huja na jibu lililopikwa miezi kumi na miwili. Je, huu ni utani? Hapana. Mtu anaweza kuwa Mgalu leo kwa sababu kikundi chake ni cha Bagalu. Ruhusa ya kumsema mwenzake inatokana na uwanja na msimu. Ngoma ikiisha, ruhusa imekwisha. Jina linalofaa hapa ni nyimbo za majibizano, na kwa upande wa ushairi wa pwani jina la malumbano limekwisha kuzoeleka tangu zama za kina Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyejibizana kwa tungo na washairi wa Lamu katika karne ya 19.

Mchezo wa Wamarekani Weusi

Tukiwa na tofauti hiyo mkononi, twaweza kuvuka bahari. Wamarekani Weusi wana mchezo wa maneno ambao jina lake la asili humaanisha dazeni. Vijana wawili husimama mbele ya wenzao na kutupiana maneno kwa zamu. Shabaha kubwa ni mama wa mwenzako: unene wake, umaskini wake, upishi wake, mwenendo wake. Wasikilizaji ndio waamuzi. Wakicheka, umepata, wakinyamaza, umekosa. Anayekasirika au kurusha ngumi ndiye aliyeshindwa. Mchezo huu ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 1929 mpiga piano aliyejulikana kama Speckled Red aliutolea santuri. Mwaka 1939 John Dollard aliuandikia makala ya kitaalamu, na mwaka 1962 Roger Abrahams akaeleza aliyoyasikia kwa vijana wa Philadelphia.

Aliyetufaa zaidi kwa kazi yetu ni William Labov, ambaye mwaka 1972 alichapisha kanuni za mchezo huo kama alivyozipata kwa vijana wa Harlem, New York. Aligundua kwamba tusi la mchezo lazima liwe la uongo, na uongo wake uwe dhahiri kwa wote waliopo. Ukisema mama wa mwenzako ni mkubwa kuliko treni, atakujibu kwa kubwa zaidi. Lakini ukitaja jambo la kweli, kwa mfano kwamba baba yake amefungwa, hatakujibu kwa mzaha. Atakanusha, au atapigana. Mpaka kati ya mchezo na tusi umo katika ukweli wa neno.

Baadhi ya wataalamu, akiwamo Amuzie Chimezie mwaka 1976, wamesema kwamba mizizi ya mchezo huo imo Afrika. Twaiheshimu hoja hiyo, lakini tutahadhari tusiigeuze kuwa fahari isiyo na msingi. Watu wengi sana waliochukuliwa utumwani Amerika ya Kaskazini walitoka Afrika ya Magharibi na sehemu za Kongo na Angola. Hao nao walikuwa na desturi zao za kushutumiana kwa mchezo. Hatuna haki ya kusema kwamba utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ulipanda merikebu ukaenda Mississippi.

Hivyo mfasiri wa riwaya ya Kimarekani akikutana na mchezo huo asiuite utani. Vijana wa Harlem walikuwa marafiki wa mtaa mmoja. Hakuna aliyezaliwa akiwa na wajibu wa kumzika mwenzake. Asiuite matusi pia, kwa maana atakuwa amewafanya watoto wanaocheza kuwa wahalifu, kosa ambalo wageni wengi wamewahi kulitenda juu ya watu weusi wa nchi ile.

Neno lililotoka Nairobi

Jina la kumsaidia mfasiri huyo tunalo, na tumelipata kwa vijana wetu wenyewe. Katika mitaa na shule za Nairobi umekuwapo kwa miongo kadhaa mchezo uitwao mchongoano. Wawili hushindana kwa zamu, watazamaji huamua, na maneno hutiwa chumvi mpaka yasiweze kuaminika. Mmoja akisema, "Nyumba yenu ni nyembamba, jua likiingia nyinyi mnatoka", mwenzake hana budi kutafuta lililo jembamba zaidi. Kila sharti alilolitaja Labov limo.

Neno lenyewe limeundwa vizuri. Kuchongoa ni kukifanya kitu kiwe na ncha kali. Kuchongoana ni kufanyiana hivyo, na mchongoano ni tendo la pande mbili, kama vile mpambano na mkutano. Halikuundwa na kamati yoyote, lakini kamati yoyote ingeona fahari kuliunda. Wapo walimu wanaolikataa kwa sababu lilizaliwa katika Sheng'. Sisi twaona kwamba neno likiwa na mzizi wa Kiswahili, mnyambuliko wa Kiswahili na maana isiyokuwa na mwenyewe mwingine, mahali lilipozaliwa si hoja ya kulinyima mlango.

Pamoja na mchongoano kuna mpasho, ulioenea kutokana na taarabu. Katika miaka ya 1990 vikundi vya Dar es Salaam vya Muungano na Tanzania One Theatre vilipashana kwa nyimbo, na mashabiki wakaenda ukumbini wakijua nani anasemwa ingawa jina halikutajwa. Mpasho ni kinyume cha mchongoano katika jambo moja kubwa: mchongoano husema uongo ulio wazi kwa mtu aliyetajwa, mpasho husema jambo linalodaiwa kuwa la kweli kwa mtu asiyetajwa. Kijembe ni ndugu mdogo wa mpasho, neno moja la makali linalorushwa katika mazungumzo.

Mapendekezo

Kutokana na hayo, twapendekeza mfasiri au karani anayekutana na maneno makali ajiulize maswali matatu kabla ya kuyapa jina. Ruhusa ya kuyasema imetoka wapi? Je, wasemaji na wasikilizaji wanayachukua kuwa ya kweli? Na baada ya maneno hayo, msemaji anabaki na wajibu gani kwa aliyesemwa?

Kama ruhusa imetoka kwa mababu, na wajibu unaobaki ni wa kumsaidia na kumzika mwenzake, huo ni utani, na kilichotamkwa ni maneno ya utani. Kama ruhusa imetoka kwa mashindano ya zamu, na maneno ni ya uongo ulio dhahiri, huo ni mchongoano. Mchezo wa Marekani uitwe mchongoano wa Wamarekani Weusi, na jina dazeni litajwe mara moja kwa ajili ya kumbukumbu. Kama ruhusa ni ya uwanja wa ngoma au ya ushairi, hayo ni majibizano au malumbano. Kama mlengwa hakutajwa lakini anajulikana, huo ni mpasho au kijembe. Na kama hakuna ruhusa yoyote, wala wajibu wowote, hayo ndiyo matusi. Neno hilo tuliachie sheria, tulitumie kwa uangalifu kama tunavyotumia neno wizi.

Walimu nao wana sehemu yao. Mtoto anayekulia Kiseke leo, baba akiwa Msukuma, mama Mpare, na jirani Mngoni, huenda asifundishwe na mtu yeyote nani ni mtani wake. Atalijua neno hilo kwa njia ya mpira na kwa njia ya "acha utani". Somo moja la Kiswahili, ambamo kila mwanafunzi anatumwa nyumbani kuuliza watani wa kabila lake ni akina nani na wanafanyiana nini msibani, litamfaa kuliko maelezo marefu ya kamusi.

Turudi kwa mzee wetu wa Kizaramo aliyejilaza mlangoni. Alimwita marehemu mdeni, akadai sarafu mbili, kisha akamchimbia kaburi. Karani akiyasikia maneno peke yake ataandika tusi. Akiliangalia koleo, ataandika utani.